Kipya Garini, Kikuukuu Sandukuni

Mwaka 1958, nikiwa na miaka kumi, ng'ombe wa baba walikufa kwa ugonjwa, na kabla mvua nyingine haijanyesha baba naye akawafuata. Mama alikwisha kutangulia. Shida zangu zilianzia hapo. Aliyebaki ni dada yangu Kabula, msichana wa kuolewa, na ndiye aliyenilea kwa karanga na viazi vya watu. Alipopata mume upande wa Meatu, mbele ya Mwanhuzi, aliwaambia wazee wa mume waziwazi kwamba yeye haji peke yake. Nikaenda naye kwa miguu, chungu kichwani. Shule niliishia darasa la pili. Kusoma kwenyewe nimemalizia kwenye makopo ya oili na maboksi ya spea, kwa hiyo anayetaka Kiswahili cha redio akafungue redio.

Mwaka huu nimeweka spana chini. Magoti yamekataa. Nawaandikia ninyi vijana wa Bariadi mnaopeleka watu porini kwa magari ya miguu minne, kwa sababu kila wiki mmoja wenu anakuja hapa kuniuliza, "Mzee, nibebe nini?" Mnaniuliza huku mmeshika simu mkononi. Sisi tuliuliza swali hilohilo wakati ambapo ukikwama zaidi ya Mwanhuzi, habari yako inafikishwa na mchunga ng'ombe, kama anaelekea huko.

Niliingia karakana ya magari ya serikali hapa Bariadi nikiwa mfagiaji. Siku ya kwanza fundi mkuu alinipa karai la petroli na boliti zilizojaa grisi, akasema nizioshe na kuzipanga kwa ukubwa. Nikazipanga. Akazipiga teke zote, akasema, "Sasa zipange umefumba macho." Huyo ndiye Fundi Ramadhani, mtu wa Ujiji, mfupi, kanzu ya Ijumaa ikiwa na doa la oili kama ovaroli yake. Nilidhani ananionea. Baadaye, chini ya gari, uso umejaa vumbi na mkono unapapasa boliti usiyoiona, nilimwelewa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, kufungua na kufunga, na ndiye aliyenipa Landrova ya afya, ile ndefu, baada ya dereva wake kuhamishwa.

Sanduku la spea la gari lile lilikuwa la mbao, na Fundi alinifundisha kulipakia kabla hajanifundisha giriboksi. Fani belti mbili. Pointi na kondensa. Ngozi ya pampu ya petroli. Mipira ya radieta, wa juu na wa chini. Jani kuu la springi na senta boliti zake, kwa sababu springi haianzi kuvunjika yenyewe, inayoanza ni boliti inayoishikilia, halafu springi inasingiziwa. Waya. Ukanda wa ngozi mbichi ya ng'ombe, uliolowekwa ndani ya mkebe. Ukifunga springi iliyopasuka kwa ngozi mbichi, jua likiikausha inabana kuliko chuma. Na mche wa sabuni, wa kuziba tangi la petroli likitobolewa na jiwe. Sabuni ndiyo spea niliyoibiwa mara nyingi kuliko zote. Miaka ile ya foleni duka la kijiji likikaa bila sabuni, hata mke wangu alikuwa analiangalia sanduku lile kwa jicho ambalo hakuniangalia mimi.

Lakini somo kubwa la Fundi halikuwa nini cha kubeba. Lilikuwa hili: spea mpya haiendi sandukuni. Spea mpya inafungwa kwenye gari, na ile iliyotolewa, ambayo bado ni nzima na unaijua tabia yake, ndiyo inayoingia sandukuni.

Mtaona ni jambo dogo. Wakati ule lilikuwa wazimu. Spea mpya ilikuwa inakuja kama mvua ya kiangazi, na ikija inakuja imefungwa karatasi yenye nta, inanukia. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifungua wakati gari linatembea. Madereva walizitunza hivyohivyo na karatasi zake, wakazitembeza wilaya nzima, wakawaonyesha wenzao kama mtu anavyoonyesha dume la ng'ombe. Namjua aliyetembea na pampu ya maji kwenye karatasi mpaka nta ikageuka vumbi; siku ya shida akafungua akakuta ni ya lori. Fundi Ramadhani alikuwa akisema, "Spea ya kwenye karatasi ni bi harusi aliyefunikwa. Wote mnamsifu. Mfunueni hapahapa mjini, ndugu zake wakiwa karibu."

Ugonjwa ulizuka baada ya watu kukusanywa katika vijiji. Sisemi mengi juu ya kukusanywa; wengine walipata shule, wengine walipata kisima kimoja kwa kaya zote. Upande ule mbele ya Mwanhuzi kijiji kipya kimoja kilikuwa na kisima kimoja. Mtu alifika kwa baiskeli hadi hospitali yetu, kwa sababu halikupatikana gari zima mahali pengine, akasema watu wanaharisha na kutapika maji matupu, mtu analala mzima anaamka mashavu yameingia ndani. Akataja jina la kijiji. Kilikuwa kijiji cha dada yangu Kabula.

Sikumwambia mtu. Nilikwenda moja kwa moja stoo.

Mwenye stoo alikuwa na shafti moja ya ekseli ya nyuma, ile ndefu ya upande wa kushoto. Kwa asiyejua, shafti ni chuma kinachotoa nguvu kwenye difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, kuipeleka kwenye gurudumu. Kwenye Landrova zetu ilikuwa ndiyo inayokatika, hasa kwenye mchanga, na njia ya kule ina mto wa mchanga. Ikikatika ya nyuma, unaweza kusogea kwa magurudumu ya mbele peke yake kwenye ardhi ngumu. Kwenye mchanga na mzigo, husogei. Sandukuni sikuwa na shafti yoyote.

Mwenye stoo aliitoa kwa mikono miwili. "Usiifungue," akasema. "Ile ya garini ikivunjika ndipo uifungue. Isipovunjika unirudishie na karatasi yake."

"Nimekusikia," nikamwambia. Kusikia si kukubali.

Nilipotoka uani nilimkuta nesi Veronika anapakia maboksi ya chupa za dripu. Veronika alikuwa mwanamke wa Sola, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alikuwa amekwishahudumia ugonjwa huu mahali pengine. Alikuwa ameteremsha sanduku langu chini, tairi moja la akiba na dumu la maji ya kunywa, na mahali pake ameweka dripu.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kama mama.

"Salamu baadaye. Washa gari."

"Sanduku langu limeteremka lenyewe?"

"Nimeliteremsha mimi. Sanduku hilo lina uzito wa maboksi mawili. Boksi moja linaweza kumrudisha mtu mzima. Wewe niambie, fani belti inarudisha nani?"

"Inakurudisha wewe na maboksi yako."

"Gari linatembea, halitembei?"

"Linatembea hapa uani."

Tukavutana. Mwisho tairi la akiba lilibaki chini, dumu la maji likabaki nusu, chakula changu kikabaki chote, na boksi moja akasema atalipakata. Sanduku likarudi garini. Sikuwa nimeshinda, nilikuwa nimeacha tairi. Mtu anayewaambia kwamba safari ya porini ni kubeba kila kitu hajawahi kubeba kitu ambacho watu wanakisubiri. Kila kilo unayoweka unamnyima mwingine, na lazima uwe tayari kumtazama usoni.

Kisha nikachana karatasi ya ile shafti, nikalaza jeki chini ya gari.

Veronika alidhani nakagua tu. Alipoona nafungua boliti za kitovu cha gurudumu, akashuka. "Unafanya nini?"

"Nafunga mpya. Ya zamani inaingia sandukuni."

"Ya zamani imevunjika?"

"Haijavunjika."

"Ina ufa?"

"Haina."

"Ng'wana wane, mwanangu," akasema taratibu, na sauti ile ya taratibu ilikuwa mbaya kuliko ya kelele, "kuna watu huko wanakauka. Unajua mtu anavyokauka? Ukimfinya ngozi inabaki imesimama. Wewe unavua gari zima nguo ili ulivishe nguo mpya."

Watu wa uani wakasogea. Mwenye stoo naye akatoka, akaona karatasi yake imechanwa, akashika kiuno. Mmoja akasema dereva anaogopa ugonjwa, anatafuta sababu. Mwingine akacheka, "Anaipamba gari, labda wanakwenda kuoa."

Kila boliti niliyofungua nilimwona Kabula amelala. Nilijua kama nikisema neno moja, dada yangu yuko kule, wote wangeniambia acha hiyo kazi uondoke, na mimi ningeacha. Kwa hiyo nilifunga mdomo. Fundi Ramadhani alikuwa amekaa juu ya ringi karibu na ukuta. Macho yake wakati huo yalikuwa yameanza kufifia. Nikamtazama. Angesema niondoke, ningeondoka. Alinyoosha mkono, akanipa spana ya saizi niliyokuwa naihitaji, bila kuitazama.

Shafti mpya iliingia vizuri. Nikazungusha gari uani mara chache, nikasikiliza, nikaifunga ile ya zamani kwenye gunia lenye grisi na kuiweka sandukuni. Saa nzima ilikuwa imekwenda, au karibu na hapo. Veronika alipanda, akapakata boksi lake, hakunitazama.

Tulipita Nyalikungu bila kusimama. Hadi Mwanhuzi hatukuzungumza isipokuwa aliposema, "Punguza, zitavunjika," maana chupa zilikuwa za kioo, na mimi nikisema, "Nikipunguza unasema nachelewa." Baada ya Mwanhuzi nchi inakauka, miti inakuwa mifupi, na njia inakuwa nyayo za ng'ombe tu. Jua lilikuwa limepita utosini tulipofika kwenye mto wa mchanga.

Niliweka magurudumu manne, gia nzito, nikaingia polepole. Katikati ya mchanga nikasikia mlio mmoja, kama mtu amevunja muwa kwa goti, na gurudumu la nyuma likaacha kuvuta. Ya mbele yakachimba kidogo, tukakaa.

"Nini?" Veronika akauliza.

Nilijua ni nini, lakini nilishuka nikahakikisha kwanza. "Shafti."

"Ipi?"

"Mpya."

Alishuka na boksi lake mikononi, akaliweka kivulini kana kwamba lina mtoto ndani. Akanigeukia. "Ile nzima umeitoa, ukaweka ya kuvunjika."

"Ndiyo."

"Ungeiacha ile ya zamani tungekuwa tumevuka."

"Pengine. Na kama ile ingekatika hapa, ungefungua karatasi ukakuta hii."

"Pengine," akasema. "Na mimi nina pengine yangu."

Hilo ndilo jambo ninalotaka mlisome mara mbili. Hakuna anayejua. Shafti ile mpya ilikuwa na kasoro ya kiwandani, chuma kilipokatika kilikuwa na chembechembe kama sukari. Kama ningeitii stoo, ile ya zamani huenda ingevuka mto ikarudi na mimi nikarudisha karatasi nikasifiwa. Huenda isingevuka. Sheria ya Fundi haikuahidi kwamba gari halitavunjika. Iliahidi kwamba likivunjika, kilichomo sandukuni unakijua.

Kuitoa shafti iliyokatika si kazi ya kuvuta tu, maana kipande kinabaki ndani ya difu. Unatoa na shafti ya upande wa pili, halafu unasukuma kile kipande kwa chuma kirefu mpaka kitokee. Chuma nilikuwa nacho. Gasketi, ile karatasi ya kuzuia oili isivuje, ilichanika, nikachukua kisu nikakata nyingine kwenye kifuniko cha boksi la dripu. Veronika aliona nikikata boksi lake, na badala ya kusema akashika upande wa pili ili karatasi isikunjike. Jua lilichoma mpaka spana haishikiki bila kitambaa. Mchunga mmoja alifika na ng'ombe wake, akachuchumaa, akatazama.

"Mnakwenda kijijini?" akauliza.

"Tunakwenda," nikajibu nikiwa chini.

"Wanazika leo tena."

Spana ikaniponyoka. Veronika akainama akaiokota kwenye mchanga, akaifuta kwa gauni lake jeupe, akanipa. Sikumuuliza yule mchunga wanamzika nani.

Shafti ya zamani iliingia kama mguu kwenye kiatu chake. Tukachimba mchanga mbele ya magurudumu, mchunga akakata matawi, akasukuma pamoja na Veronika, gari likavuka. Halikutoa mlio wowote.

Kijiji kilikuwa nyumba zilizopangwa mistari kama mahindi. Watu walikuwa wamelala nje kwenye vivuli vya kuta. Veronika alishuka gari halijasimama vizuri, akaanza kutundika chupa kwenye miti ya paa, akipaza sauti ile ya ng'ombe, nani anatapika, nani hakojoi. Mimi nilimtafuta dada nyumba kwa nyumba. Nikamkuta nyuma ya nyumba yake, amejilaza kwenye ngozi ya ng'ombe, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Nilifinya ngozi ya mkono wake. Ilibaki imesimama.

Nikambeba hadi alipokuwa Veronika. Mshipa ulikuwa haupatikani. Alichoma hapa, akachoma pale, jasho likamdondokea dada usoni, ndipo akaupata. Chupa ilikuwa ya lile boksi alilolipakata. Tukasimama wote wawili tukitazama matone.

"Huyu unamjua?" Veronika akauliza, maana alikuwa ameona nilivyombeba.

"Dada yangu. Ndiye aliyenilea."

Alinigeukia polepole. "Ulijua yuko huku."

"Nilijua."

"Tangu asubuhi. Tangu uani. Ukijua, ukakaa unafungua boliti."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Aliweka mkono wake begani kwangu, akauondoa haraka kama mtu aliyegusa chuma cha moto, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na kila safari ya mbali alikuja uani mapema, akakaa juu ya ringi alilokuwa anakalia Fundi, akasubiri nimalize. Hakuwahi kuniambia nilikuwa sahihi. Mimi pia sikuwahi kumwambia kwamba maboksi niliyomzuia yasingetosha. Yangetosha kwa watu fulani. Chupa ziliisha kesho yake, na waliobaki aliwanywesha maji ya chumvi na sukari kwa kikombe, usiku na mchana, mpaka gari lingine likafika.

Waliyekuwa wanamzika ile siku alikuwa Minza, mtoto wa mwisho wa dada. Alikata roho wakati jua linapanda. Wakati huo mimi nilikuwa njiani, au nilikuwa bado uani. Sijui. Dada alipopata nguvu ya kukaa aliniuliza, "Mlitoka Bariadi saa ngapi?" Nikamwambia yote, karatasi, shafti, mto, mlio. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia ukutani, akabaki hivyo mpaka naondoka.

Vijana, hiyo ndiyo orodha yangu. Mengine mtayapata kwa fundi yeyote mwenye kalamu. Fungeni kipya mjini, hata kama watu wanasubiri, hata kama anayesubiri ni wa tumbo moja na wewe. Na mkishafunga, msitegemee kushukuriwa, maana aliyechelewa kwa sababu nzuri amechelewa vilevile.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Bariadi, vyumba vinne na mabati. Nina ng'ombe kumi na wawili, plau moja, na shamba la pamba na mtama lisilo na mgogoro na mtu. Nina pikipiki ambayo wajukuu wanaiendesha vibaya. Nina sanduku la mbao la Fundi Ramadhani na spana zake zote, isipokuwa moja aliyozikwa nayo, kwa sababu niliiweka mwenyewe. Dada Kabula yuko chumba cha nyuma, mume wake alipofariki nilikwenda kumchukua, na safari hiyo sikuchelewa. Nyuma ya mlango wake kuna ile shafti ndefu ya zamani ya Landrova, imepakwa grisi. Wanunuzi wa chuma chakavu walipokuja na mizani yao nilitaka kuwapa. Dada, ambaye hajawahi kulisema jambo lile tangu ageukie ukutani, alitoka na mkongojo wake akasimama mlangoni.

"Vingine chukueni," akawaambia. "Hicho kiacheni. Hicho ndicho kilichokuja."